Historia ya Utafiti wa Kiharusi katika Kenya na Tanzania



Katika safu hii ya nchi jirani tumezoea kusoma habari za mipaka, katiba, bendera na viongozi. Leo nakualika tusome habari za ugonjwa. Huenda ukajiuliza: ugonjwa una uhusiano gani na elimu ya uraia? Uhusiano upo, tena ni wa karibu sana. Serikali hutenga fedha kwa mambo inayoyajua, na mambo inayoyajua ni yale yaliyohesabiwa. Mtu akifariki nyumbani, akazikwa siku ya pili, na kifo chake kisiandikwe popote, basi ugonjwa uliomuua hauonekani katika mipango ya taifa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kiharusi katika Afrika Mashariki. Mnamo mwaka 1929 jarida mashuhuri la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala kutoka Kenya iliyowafanya madaktari wengi waamini kwamba Mwafrika hapati shinikizo la juu la damu. Mnamo mwaka 2000 jarida hilo hilo lilichapisha makala kutoka Tanzania iliyoonyesha kwamba kiharusi kiliwaua watu wazima wa huko kwa kasi kubwa kuliko kilivyowaua Waingereza. Kati ya makala hizo mbili kuna miaka 71. Nitakusimulia kilichotokea katika kipindi hicho, na kwa nini mwananchi wa leo hana budi kukijua.

Neno na maana yake

Tuanze na lugha, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. Kiharusi ni ugonjwa wa ghafla unaotokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo. Ubongo hauna akiba ya hewa wala ya chakula. Hutegemea damu dakika kwa dakika. Damu ikikatika, seli za sehemu hiyo huanza kufa.

Kiharusi kina namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hutokea mshipa wa damu unapozibwa na bonge la damu iliyoganda. Namna ya pili hutokea mshipa unapopasuka, damu ikamwagika ndani ya kichwa. Ishara za nje huweza kufanana kabisa: mkono unalegea, mguu unaburuzika, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki. Lakini tiba zake hazifanani, na dawa inayomsaidia mgonjwa wa namna ya kwanza inaweza kumwua mgonjwa wa namna ya pili.

Jihadhari pia na neno kupooza. Watu wengi hulitumia kana kwamba ni jina jingine la kiharusi. Kupooza ni matokeo, kiharusi ni chanzo kimojawapo. Mtu anaweza kupooza kwa ajali ya uti wa mgongo au kwa polio bila kupata kiharusi hata kidogo. Katika Kiswahili cha zamani utakutana pia na neno faliji, lililotoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya kupooza.

Yaliyojulikana kabla

Wagiriki wa kale, katika maandishi yanayohusishwa na tabibu Hippocrates, waliueleza ugonjwa unaomwangusha mtu ghafla na kumwacha bila hisia. Waliona matokeo, ila hawakujua kinachotokea ndani ya fuvu. Ilipofika mwaka 1658, daktari Johann Jakob Wepfer wa Schaffhausen, katika nchi ya Uswisi, alieleza katika kitabu chake uchunguzi wa maiti za watu waliokufa kwa ugonjwa huo, akaonyesha kwamba damu ilikuwa imemwagika katika ubongo. Katikati ya karne ya 19, Rudolf Virchow wa Ujerumani alieleza jinsi damu inavyoweza kuganda ndani ya mshipa, kipande kikang'oka na kusafirishwa hadi mahali pengine kikaziba njia.

Mwaka 1861 ni muhimu kwetu sisi wanafunzi wa lugha. Katika mji wa Paris, daktari Paul Broca alimchunguza mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alielewa aliyoambiwa lakini aliweza kutamka silabi moja tu: tan. Mgonjwa huyo alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta sehemu iliyoharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Mtu huyo hakuwa na kiharusi cha kawaida, lakini kwa kisa chake madaktari walianza kuelewa kwa nini wagonjwa wengi wa kiharusi waliopooza upande wa kulia hupoteza pia usemi. Wewe unayejifunza Kiswahili leo unatumia sehemu hiyo ya ubongo unapotafuta kiambishi cha ngeli kabla ya kufungua kinywa.

Kwa karne nyingi, hata hivyo, madaktari hawakuweza kuuona ubongo wa mtu aliye hai. Jambo hilo lilibadilika mwaka 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa jijini London kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa ameifanyia kazi hesabu ya picha hizo tangu siku zake za Cape Town. Sasa daktari aliweza kutofautisha mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka. Na mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu huweza kumwokoa mgonjwa na ulemavu, mradi apewe ndani ya saa 3 tangu ugonjwa uanze. Tangu hapo, saa ya ukutani imekuwa sehemu ya tiba.

Kisii, mwaka 1929

Sasa turudi Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1920 daktari Mwingereza aliyeitwa Cyril Donnison alifanya kazi katika hospitali ya serikali ya kikoloni huko Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, eneo la Kisii ya leo na majirani zake. Alipima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000. Aliona kwamba vijana wao walikaribiana na vijana wa Ulaya. Ila kuanzia umri wa miaka 40, shinikizo la Wazungu lilipozidi kupanda, la watu wa Kavirondo lilishuka. Akaongeza kwamba, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu.

Hatuna sababu ya kumwita Donnison mwongo. Alipima kwa kifaa, akaandika alichokiona. Watu aliowapima waliishi kwa kulima, walitembea kwa miguu, na chumvi ya dukani ilikuwa haijawa kitu cha kila mlo. Tatizo lilianza pale wasomaji wake walipogeuza matokeo ya mahali pamoja na wakati mmoja yakawa kanuni ya watu wote kwa wakati wote. Kauli iliyotakiwa kuwa "watu hawa, kwa maisha haya, hawana shinikizo la juu" iligeuka kuwa "Mwafrika hana shinikizo la juu". Tazama, mwanafunzi wangu, jinsi umoja wa nomino unavyoweza kudanganya: "Mwafrika" mmoja wa vitabuni aliwameza mamilioni ya watu wenye maisha mbalimbali.

Imani hiyo ilikuwa na athari. Ukiamini kwamba ugonjwa fulani haupo, hutaupima. Usipoupima hutauona. Na usipouona, utazidi kuamini kwamba haupo.

Ubongo uliopimwa kwa nia nyingine

Ni haki kusema pia kwamba katika miaka hiyo hiyo ubongo wa Mwafrika ulichunguzwa Nairobi, lakini si kwa ajili ya kumtibu. Daktari F. W. Vint, mchunguzi wa maiti katika maabara ya serikali, alichapisha mwaka 1934 makala kuhusu ubongo wa wenyeji wa Kenya. Alilinganisha uzito wa ubongo na unene wa gamba lake na vipimo vya Ulaya, akadai kwamba ule wa wenyeji ulikuwa na upungufu. Daktari H. L. Gordon, wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizitumia takwimu hizo kutilia shaka faida ya kuwapa Waafrika elimu ya kizungu. Waliomba fedha kutoka London ili kuuendeleza utafiti huo, na ombi hilo halikukubaliwa. Sayansi imekwisha kuzitupilia mbali hoja zao.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu linatufundisha kwamba utafiti huanza na swali, na swali huwa na nia. Katika Kenya ya miaka ya 1930 kulikuwa na muda wa kuuliza kama ubongo wa Mwafrika ni mzito wa kutosha, lakini hapakuwa na mpango wa kuuliza ni wazee wangapi walioanguka shambani na wasiinuke tena. Swali la kwanza lilitafuta sababu ya kumnyima mtu shule. Swali la pili lingeweza kumpatia dawa.

Jeshi, chumvi na safari ya mjini

Jibu la fumbo la Donnison lilianza kupatikana baada ya uhuru. Daktari A. G. Shaper, aliyefundisha Makerere nchini Uganda, pamoja na wenzake, waliwafuatilia vijana wa Kisamburu waliojiunga na jeshi la Kenya. Wasamburu ni wafugaji, na chakula chao cha asili kilitegemea sana maziwa. Jeshini walikula posho ya kambini, yenye chumvi nyingi zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1969 yalionyesha kwamba shinikizo lao la damu lilipanda baada ya kuwa askari. Watu walikuwa wale wale, damu na ukoo vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni maisha.

Utafiti mwingine ulifanyika miongoni mwa Wajaluo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1990 na Neil Poulter na wenzake. Watafiti hao waliwafuata vijana waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi, na tofauti ilianza kuonekana mapema, si baada ya miaka mingi. Vipimo vya mkojo vilionyesha kwamba wahamiaji walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi kwa kulinganisha na madini ya potasiamu, ambayo hupatikana katika ndizi, mboga za majani, kunde na viazi.

Zingatia vizuri maana ya matokeo haya. Watu hawa wa magharibi mwa Kenya walitoka katika eneo lisilo mbali na lile la Donnison. Babu aliyepimwa mwaka 1929 akakutwa mzima, na mjukuu aliyepanda basi la Nairobi shinikizo lake likapanda, wanaweza kuwa wa ukoo mmoja. Kinga ya babu haikuwa katika rangi ya ngozi yake.

Tanzania yahesabu wafu wake

Hata hivyo, shinikizo la damu ni hatari tu. Kiharusi ndilo tukio lenyewe. Nani angeweza kusema ni watu wangapi waliokufa kwa kiharusi katika nchi ambayo wengi walifia nyumbani, mbali na hospitali, bila cheti cha daktari?

Mwaka 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianzisha mradi wa kuchunguza magonjwa na vifo vya watu wazima. Yalichaguliwa maeneo matatu yasiyofanana. La kwanza lilikuwa mitaa ya Dar es Salaam. La pili lilikuwa wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, ambako wananchi wana kahawa, migomba na hali afadhali ya kipato. La tatu lilikuwa Morogoro Vijijini, eneo la wakulima maskini zaidi.

Njia waliyoitumia ilikuwa rahisi kueleza lakini ngumu kutekeleza. Kwanza waliwaandika wakazi wote, nyumba kwa nyumba. Kisha kila kifo kilipotokea, mhudumu wa afya aliyefunzwa alifika kwa wafiwa, baada ya muda wa heshima, akawauliza maswali kwa utaratibu: Marehemu aliugua muda gani? Aliamka akiwa mzima? Upande mmoja wa mwili ulilegea? Usemi ulipotea? Aliwahi kuambiwa ana shinikizo la damu? Madaktari walizisoma fomu hizo na kuamua sababu ya kifo. Huu ndio uchunguzi wa kifo kwa mahojiano.

Fikiri kidogo juu ya kazi hiyo. Mjane ameketi kwenye mkeka, msiba haujapoa, na mgeni mwenye fomu anamwomba asimulie asubuhi ile ya mwisho. Bila adabu, bila kujua namna ya kutoa pole na wakati wa kunyamaza, fomu ingerudi tupu. Takwimu za mradi huu zilijengwa juu ya Kiswahili kizuri na juu ya uvumilivu wa wafiwa.

Matokeo ya miaka mitatu ya mwanzo, 1992 hadi 1995, ndiyo yaliyochapishwa mwaka 2000 na Richard Walker na wenzake wa Tanzania na Uingereza. Waliangalia watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64, yaani watu wa umri wa kufanya kazi na kulea watoto. Kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiharusi kiliua wanaume 65 Dar es Salaam, 44 Hai na 35 Morogoro. Kwa wanawake idadi ilikuwa 88, 33 na 27. Katika Uingereza na Wales, mwaka 1993, idadi ilikuwa 10.8 kwa wanaume na 8.6 kwa wanawake. Linganisha mwenyewe: mwanamke wa Dar es Salaam alikuwa katika hatari ya kufa kwa kiharusi inayokaribia mara 10 ya ile ya mwanamke wa Uingereza wa umri huo. Hata Morogoro, mahali palipokuwa na idadi ndogo kuliko kwingine, hatari ilikuwa takriban mara 3.

Ugonjwa uliosemekana kuwa haupo ulikuwa ukiua kimyakimya.

Namba zinazofanana na zisizofanana

Vifo pekee havitoshi. Huenda watu wanaugua kwa kiasi kile kile cha kwingineko, ila wanakufa zaidi kwa kukosa matibabu. Ili kujua ukweli ilibidi kuwahesabu wagonjwa wapya wote, wazima na waliokufa. Kazi hiyo ilifanyika kuanzia Juni 2003 kwa miaka mitatu, katika Hai yenye watu 159,814 na katika sehemu ya Dar es Salaam yenye watu 56,517. Wachunguzi wa mitaani na vijijini walishirikiana na hospitali na zahanati ili mgonjwa asipite bila kuonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: wagonjwa 636 kwa jumla, 453 wa Hai na 183 wa Dar es Salaam.

Ukigawanya idadi hiyo kwa watu na kwa miaka, utapata wagonjwa wapya 94.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 107.9 Dar es Salaam. Ni kama namba zinazofanana. Lakini watafiti walipozirekebisha kwa kuzingatia umri, Hai ilipata 108.6, na Dar es Salaam ikaruka hadi 315.9. Je, wamecheza na hesabu?

La. Nitakupa mfano wa kubuni. Chukua kijiji chenye watu 1,000, wazee wakiwa 200, na mtaa wa mjini wenye watu 1,000, wazee wakiwa 50. Mwaka mmoja wazee 4 wa kijijini wanapata kiharusi, na wazee 4 wa mjini vilevile. Kwa jumla namba ni sawa: 4 kwa 1,000. Lakini kijijini ni wazee 4 kati ya 200, yaani 2 kati ya 100; mjini ni 4 kati ya 50, yaani 8 kati ya 100. Mzee wa mjini yumo katika hatari mara 4. Dar es Salaam ni jiji la vijana. Wazee wake ni wachache, na ule uchache wao ndio ulioficha ukubwa wa tatizo. Hatari ya Hai ilikaribiana na ile ya nchi tajiri. Ile ya Dar es Salaam ilizizidi nyingi.

Sasa fikiria vijana hao wa Dar es Salaam watakapozeeka. Hilo ndilo swali ambalo takwimu hizi ziliiachia serikali, na si ya Tanzania peke yake.

Watafiti walichunguza pia kinachowaangusha watu. Shinikizo la juu la damu, uvutaji wa sigara, ugonjwa wa moyo wa awali, mafuta mabaya katika damu, na maambukizi ya VVU vilihusishwa na kiharusi. Kuhusu shinikizo la damu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 katika mtaa wa Ilala na kijiji cha Shari, Hai, ulikuwa umekwisha kutoa onyo. Ilala, zaidi ya theluthi moja ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu. Shari, zaidi ya robo. Kati ya wote waliokuwa nalo, chini ya mtu 1 kati ya 5 alijua kwamba analo. Takriban 1 kati ya 10 alikuwa akitumia dawa. Na wale ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata 1 kati ya 100.

Kiharusi, jini na lugha ya watu

Utafiti ulionivutia zaidi kama mwalimu wa lugha ulichapishwa mwaka 2008 na Gerry Mshana na wenzake. Hawakupima damu. Waliwauliza wananchi: kiharusi ni nini, na hutoka wapi?

Pengine unatarajia kwamba watu wa kijijini walitaja mashetani na watu wa mjini walitaja mishipa ya damu. Ilikuwa kinyume chake. Dar es Salaam, wengi walikihusisha kiharusi na majini na uchawi. Hai, wengi walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Kwa hiyo mgonjwa wa Hai alipelekwa kwanza hospitali. Mgonjwa wa Dar es Salaam, jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, mara nyingi alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, kwa kuwa iliaminika kwamba aliyepagawa na jini hafai kupelekwa hospitali.

Tusiwacheke. Ugonjwa humpiga mtu ghafla, bila homa wala jeraha, upande mmoja tu wa mwili, na kumnyang'anya kauli. Aliyekosa maelezo ya ubongo atatafuta maelezo kwingine, na lugha humsaidia kuyapata: husemwa "amepigwa na kitu", na kitu kinachopiga lazima kiwe na mkono. Wananchi wa Hai hawakuwa na akili kuliko wa Dar es Salaam. Maelezo ya shinikizo la damu yalikuwa yamewafikia kwa maneno waliyoyaelewa, wakayafanya kuwa yao. Hapa ndipo wewe, mwanafunzi wa Kiswahili, unapopata wajibu. Daktari anayejua tiba na asijue kuieleza kwa lugha ya mgonjwa amefanya nusu ya kazi.

Tunajifunza nini

Kwanza, kuandikisha kifo ni tendo la uraia. Watu wengi hutafuta cheti cha kifo pale tu penye mirathi au mafao. Kumbuka kwamba kila kifo kinachoandikwa pamoja na sababu yake ni ushahidi kwa ajili ya walio hai.

Pili, jihadhari na kauli zinazoanza na "Mwafrika", "mwanamke", "mtu wa kijijini", kana kwamba kuna mmoja tu. Uliza: ni watu gani, wapi, mwaka gani, na nani aliyewahesabu?

Tatu, mficha maradhi kilio humuumbua, na asiyejua kwamba anaumwa ni kama aliyeficha. Kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache, wala hakuhitaji mtu awe anaumwa. Mtu mzima wa nyumbani kwako alipimwa lini?

Nne, zijue ishara. Mwombe mtu atabasamu: je, mdomo umekwenda upande? Mwombe ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwombe aseme sentensi fupi: je, maneno yanakwama au yanachanganyika? Ukiona moja ya ishara hizo imetokea ghafla, angalia saa, kumbuka muda, mpeleke hospitali upesi. Usimpe chakula wala maji, maana huenda asiweze kumeza. Usingoje aamke kesho akiwa nafuu.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kiharusi na kupooza.
2. Kwa nini matokeo ya Donnison yalikuwa ya kweli kwa watu aliowapima, lakini yakaleta uongo yalipotumiwa kwa watu wote?
3. Wasamburu wa jeshini na Wajaluo wa Nairobi wanatufundisha jambo gani moja?
4. Andika mazungumzo mafupi kati ya mhudumu wa afya na mfiwa. Mhudumu atatoaje pole, na atauliza nini kwanza?
5. Katika nchi yako, mtu akifia nyumbani, kifo chake huandikishwa wapi, na na nani? Kama hujui, waulize wazee na ofisi za eneo lako, kisha uandike ulichokipata kwa aya mbili za Kiswahili sanifu.